Tanzia ya Kiongozi: Jazanda Husifu, Kinaya Hudai

Ni ada ya Waswahili tangu kale kwamba msiba mkubwa haupiti bila ya utungo. Akifa mwanachuoni hutungiwa, akifa nahodha mashuhuri hutungiwa, na akifa mkuu wa nchi basi kila mwenye kujua vina na mizani hushika kalamu. Tungo za namna hii twaziita tanzia, na wengine huziita mbolezi. Oktoba 15, 2025, Bwana Raila Odinga alipofariki dunia huko Kerala, India, ada hiyo ilidhihiri tena, ila safari hii beti zilipita katika simu kabla ya kufika magazetini. Jina lililotajwa zaidi katika maombolezo hayo halikuwa Raila wala Odinga, bali ni Baba.

Neno hilo moja ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Raila hakuwa baba wa kila aliyemlilia, wala aliyemwita hivyo hakukusudia kusema uongo. Alitumia jazanda, yaani alimwita mtu kwa jina la kitu kingine ili sifa za kile kitu zimwendee yule mtu. Jazanda ndiyo mhimili wa tanzia. Lakini tanzia iliyo bora huwa na jambo la pili, nalo ni kinaya: maneno kuelekea upande mmoja na maana kuelekea upande mwingine, au mambo yenyewe kutokea kinyume na yalivyotazamiwa, kama nyumba ya zimamoto kuungua. Yatupasa tutazame namna viwili hivi vinavyofanya kazi pamoja, kwa kuwa sisi watu wa Kwale na pwani yote ya kusini tumekuwa karibu sana na msiba mmoja mkubwa wa taifa, na tuna haki ya kuuliza tanzia zake zasema nini juu yetu.

Msambweni, Agosti 1978

Msiba huo ni wa Hayati Mzee Jomo Kenyatta. Jumatatu, Agosti 21, 1978, Mzee alikuwa Msambweni mbele ya wananchi. Akarejea Mombasa, na usiku ule ule, yapata saa tisa na nusu, akafariki katika Ikulu ya Mombasa. Kesho yake ilikuwa Jumanne, Agosti 22.

Mwezi ulikuwa ni Ramadhani ya mwaka 1398 wa Hijra. Kwa hivyo saa aliyokata roho Rais wa kwanza wa Kenya ilikuwa kwetu ni saa ya daku. Kuanzia Likoni mpaka Vanga, majiko yalikuwa yakiwaka na watu wakiamshana wale kabla ya alfajiri, na katika waliokuwa wakila daku hiyo wamo waliomwona Mzee kwa macho yao mchana wake. Hawakuwa na habari. Walitia nia ya saumu wakidhani nchi iko kama walivyoilalia, mpaka mchana redio ya Sauti ya Kenya ilipotangaza. Maiti alichukuliwa Nairobi, na akazikwa Agosti 31 katika uwanja wa Bunge.

Mtunzi hahitaji kuongeza chumvi hapo, kwani mambo yenyewe yamebeba kinaya. Mtu aliyetawala akiwa Nairobi na Gatundu, roho yake ilitoka Pwani. Mkoa uliokuwa ukilalamika kwamba uko mbali na serikali ndio uliokuwa karibu naye siku ya mwisho.

Kuna kinaya kingine kikubwa zaidi. Oktoba 1976, wakati palipokuwa na mvutano juu ya nani atamrithi Rais, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Bwana Charles Njonjo, aliwaonya wananchi hadharani kwamba kuwaza au kukusudia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Kwa muda wa karibu miaka miwili, basi, neno hilo lilikuwa halitamkiki. Kisha kwa usiku mmoja, jambo lililokuwa hatari kulitaja likawa wajibu kulitaja, na malenga ambaye juzi angeogopa kuandika mstari mmoja juu ya kufa kwa mkuu, leo angelaumiwa kwa kutouandika. Msomaji akikuta tanzia za siku zile zimejaa sifa tupu, asiharakie kuwacheka watunzi wake. Azingatie kwamba kalamu zao zilikuwa zimefungwa juzi na kufunguliwa leo, na mtu aliyefunguliwa punde hatembei kwa hatua ndefu.

Jua halipatwi kwa ajili ya mtu

Katika jazanda zote za tanzia, iliyozoeleka kabisa ni ile ya jua au taa: jua limetua, nuru imezimika, nchi imeingia kiza. Kwa Mwislamu jazanda hii ina historia yake, na ni vyema watunzi wetu waikumbuke.

Siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume wetu Muhammad, sala na amani zimshukie, jua lilipatwa Madina. Watu wakasema limepatwa kwa kufa kwa Ibrahim. Mtume, naye ni mfiwa, hakuipokea rambirambi hiyo. Aliwafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, na kwamba hazipatwi kwa kufa kwa mtu yeyote wala kwa uhai wake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mtume huyo huyo alilia kwa ajili ya mwanawe, akasema kwamba jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, lakini hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu.

Je, maana yake ni kwamba malenga wa Kiislamu asiseme jua limetua? Sivyo. Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume, alimtungia Mtume tanzia baada ya kufa kwake, na zimehifadhiwa hata leo. Lililokatazwa ni kuichukua jazanda kuwa itikadi, yaani kuamini kwamba ulimwengu umesimama kwa sababu ya mtu. Mtunzi mwenye busara huitumia jazanda ya jua kisha yeye mwenyewe akaivunja. Husema jua limetua, halafu akaonyesha kwamba kesho yake limechomoza vile vile, na maji yamejaa na kupwa Shimoni na Funzi kama desturi, na wavuvi wamerudi na madau yao. Hapo ndipo kinaya kinapoingia: tuliapa kwamba bila yeye hakuna kesho, na kesho imekuja.

Serikali yenyewe ilithibitisha jambo hilo mnamo 1978. Siku ile ile ya Agosti 22, Bwana Daniel arap Moi aliapishwa ashike nafasi ya Rais kwa muda wa siku 90 kama Katiba ilivyoagiza. Kiti hakikulala tupu hata usiku mmoja.

Mbuyu na kivuli chake

Jazanda ya pili ni ya mti mkubwa, na kwetu pwani ya kusini mti huo aghalabu ni mbuyu. Aliyefika Diani kwenye msikiti wa kale wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini, ameiona mibuyu iliyouzunguka, na hakosi kufahamu kwa nini watunzi wetu huuita ukubwa kwa jina hilo. Mbuyu una kivuli, una tunda, una umri kuliko watu wote wa mji, na njia nyingi hupitia ulipo.

Hatutanukuu hapa utungo wa mtu. Tutatunga ubeti wetu wenyewe, uwe kama ubao wa kufundishia tu:

Mbuyu umeanguka, kishindo hadi bahari,
Ndege wametawanyika, hawana la kufikiri,
Kivuli kimeondoka, jua kali ladhihiri,
Miche leo yainuka, ilonyimwa jua zuri.

Mistari mitatu ya kwanza ni jazanda ya sifa, na hakuna atakayeilalamikia hata mbele ya jeneza. Mti ulikuwa mkubwa, umeanguka, na waliouegemea wamebaki uchi mbele ya jua. Lakini mstari wa nne umegeuza jambo lote bila ya kuacha mti ule ule. Jua lililoitwa kali katika mstari wa tatu ndilo linaloitwa zuri katika mstari wa nne. Kivuli kilichowahifadhi ndege ndicho kilichoinyima miche. Msomaji anayetaka sifa atazipata, na anayetaka swali atalipata, na wote wawili wamesoma maneno yale yale. Mtunzi hakumtusi mtu. Amesema ukweli unaojulikana na kila mkulima wa Lunga Lunga, kwamba chini ya mti mpana hapamei mmea mwingine.

Jazanda nzuri ni ile ambayo mtunzi ameifahamu mpaka mwisho wake. Wengi huuchukua mbuyu kwa ukubwa wake tu. Anayeujua vizuri ajua pia kwamba mbuyu huweza kuwa mtupu ndani, gome likasimama miaka mingi na watu wakalisifu, mpaka siku moja ukaporomoka bila hata ya upepo. Hayo nayo ni maneno juu ya utawala, na malenga hakulazimika kutaja wizara wala waziri.

Baba na mirathi yake

Sasa tuje kwenye Baba. Kenyatta aliitwa Baba wa Taifa. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki Oktoba 14, 1999, aitwa hivyo mpaka leo huko Tanzania. Raila aliitwa Baba tu, bila ya nyongeza. Jazanda hii ndiyo nyepesi kuliko zote kuitumia na ndiyo nzito kuliko zote kuichukulia dhamana yake, hasa kwa Waislamu, kwa kuwa kwetu baba akifa yako mambo yaliyokwisha kupangwa. Tutazame ubeti wa pili wa mfano wetu:

Baba yetu katutoka, tumemtia kaburi,
Machozi yamemwagika, kwa tajiri na fakiri,
Na mirathi mkitaka, tuliani msubiri,
Mdai naye kafika, na hati zake dhahiri.

Mtu asiyejua sheria ya mirathi aweza kuusoma ubeti huu akadhani mtunzi ametoka nje ya maombolezo. Lakini Mwislamu ajua kwamba Qur'ani Tukufu, katika Sura ya An-Nisaa aya ya 11 na ya 12, baada ya kutaja mafungu ya warithi, imesema na kukariri kwamba ni baada ya wasia na deni. Maiti huoshwa, husaliwa na kuzikwa, kisha deni lake hulipwa, na ndipo warithi wagawane kilichobaki. Basi anayemwita kiongozi baba ameikubali hesabu yote. Hawezi kuchukua machozi ya mtoto akaacha deni la mzazi.

Na kwetu Kwale deni lina jina, nalo ni ardhi. Kabla ya uhuru Mwambao huu, ukanda wa maili kumi, ulikuwa chini ya Sultani wa Unguja kwa jina na chini ya Waingereza kwa matendo. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wapeleke madai yao yasajiliwe, na ardhi isiyosajiliwa ikawa mali ya serikali. Waliojua mambo ya ofisi walisajili. Wengi wa Wadigo, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na mipaka yake ilikuwa mwembe na kaburi la babu, hawakusajili. Oktoba 1963 yalipofanywa mapatano baina ya Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, na serikali ya Sultani ili Mwambao uingie Kenya, iliwekwa ahadi kwamba dini ya Waislamu na mahakama za Kadhi zitahifadhiwa, na kwamba hati za ardhi zilizokwisha sajiliwa zitatambuliwa. Wenye hati walipata kinga. Wasio na hati walibaki kuwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao.

Kisha ikaja miaka ya sabini, hoteli za watalii zikapangana ufukweni Diani, na ploti za pwani zikawa na thamani ambayo mzee mwenye mnazi hakuijua. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotolewa mwaka 2013, imeyaandika kwa kirefu malalamiko ya watu wa Pwani kuhusu namna ardhi zilivyogawanywa chini ya serikali zilizofuatana tangu uhuru.

Ndiyo maana neno hati katika mstari wa nne lina makali mara mbili. Kwa kawaida mdai mnyonge ndiye asiyekuwa na hati, na mtunzi amempa hati mkononi. Hicho ni kinaya, kwani hati aliyo nayo si ya Idara ya Ardhi bali ni ya haki. Mtu wa Nairobi ataupita mstari huo. Mtu wa Msambweni atasimama nao.

Kinaya si matusi

Hapa pana swali la adabu ambalo hatuwezi kulikimbia. Wako wazee, na tunawaheshimu, wasemao kwamba mbele ya maiti hapana kinaya. Maiti hutajwa kwa mema au watu hunyamaza. Nao wana hoja. Bukhari amepokea kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume amekataza kuwatukana wafu, kwa kuwa wamekwisha yafikia waliyoyatanguliza. Nani mwenye haki ya kumhukumu mtu ambaye hesabu yake iko mbele ya Mola wake?

Lakini dini yetu imeziba mlango wa upande wa pili pia. Katika Sahihi Muslim imepokewa amri ya kuwarushia mchanga nyusoni wale wenye kusifu kupita kiasi. Kwa hivyo malenga amesimama baina ya makatazo mawili: asimtukane maiti, na asimsifu kwa uongo. Atapita wapi? Njia iliyobaki ni nyembamba, na kinaya kimetengenezwa kwa ajili ya njia kama hiyo.

Kinaya cha tanzia hakimlengi maiti. Humlenga aliye hai. Katika ubeti wetu wa pili aliyekemewa si baba aliye kaburini. Aliyekemewa ni mrithi mwenye haraka, anayelia kwa jicho moja na kwa jicho la pili akihesabu mafungu. Vivyo hivyo katika ubeti wa mbuyu, aliyeonyeshwa ni ndege aliyezoea kivuli hata hana la kufikiri. Maiti hawezi kujirekebisha, na kumkejeli ni kazi bure na dhambi juu. Aliye hai aweza kujirekebisha, na ndiye atakayesoma gazeti.

Wazee wetu wa ushairi waliujua mpaka huu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, aliomboleza ukuu wa Pate uliopotea, majumba yaliyokuwa na taa na karamu kisha yakabaki magofu. Angeweza kuwacheka wakubwa waliolala makaburini. Badala yake, utenzi wote ameuelekeza kwa moyo wake mwenyewe, akiuuliza una matumaini gani na dunia iliyowafanyia hivyo waliokuwa wakubwa kuliko yeye. Kinaya kilianza nyumbani kwake. Mtu akitaka kipimo cha kujua kama mtunzi ana haki ya kukejeli, atazame kama mtunzi mwenyewe yumo miongoni mwa wanaokejeliwa.

Kifungo na tuzo

Kuna kisa kimoja cha Pwani ambacho kila mwenye kuzungumza juu ya washairi na wakuu wa nchi hana budi kukitaja. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, mfuasi wa chama cha upinzani cha KPU, aliandika karatasi iliyoitwa "Kenya: Twendapi?" Alishtakiwa, akafungwa miaka mitatu, kutoka Machi 1969 hadi Machi 1972. Huko gerezani alitunga mashairi akiyaandika katika karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Miongoni mwake limo liitwalo "Mamba". Msomaji aweza kulisoma kama habari za mnyama wa mtoni anayejiona hawezekani, mpaka atakapokumbuka mtunzi alikuwa wapi alipolitunga.

Mwaka 1974 kitabu hicho kilipewa tuzo ya fasihi. Tuzo yenyewe iliitwa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Mtu aliyefungwa chini ya serikali ya Kenyatta kwa kuuliza swali alituzwa kwa jina la Kenyatta kwa mashairi aliyoyatunga kifungoni. Hakuna malenga aliyelibuni jambo hilo, lilitokea.

Tumelitaja kwa sababu linaeleza kwa nini jazanda na kinaya si mapambo katika ushairi wa Pwani. Swali lililoandikwa kwa nathari wazi lilimpeleka mtu gerezani. Mamba wa shairi alipita katika mikono ya wachapaji, ya waamuzi, na ya wanafunzi wa shule. Malenga huficha maana ili ifike, kama nahodha apitaye upande wa utulivu wa kisiwa cha Wasini badala ya kukabili mawimbi ya bahari kuu. Asiyejua bahari atadhani ameogopa.

Oktoba 2025 na baada yake

Turudi sasa kwenye msiba wa karibuni. Raila Odinga aliwekwa kizuizini mwaka 1982 baada ya jaribio la mapinduzi, na akakaa humo mpaka 1988. Dola hiyo hiyo iliyomfungia ndiyo iliyompa mazishi ya kitaifa mnamo Oktoba 2025, pamoja na gwaride na bendera. Katika chaguzi za 2007, 2013, 2017 na 2022 kura za Pwani zilimwendea kwa wingi, na mara zote nne hakuingia Ikulu. Machi 2025 alitia saini mapatano na serikali aliyokuwa akiipinga. Ilitangazwa kwamba aliusia azikwe ndani ya saa 72, na alizikwa Bondo Oktoba 19, siku ya nne tangu kufa kwake. Waislamu wengi walilipenda hilo, kwa kuwa kuharakisha maziko ni katika mafundisho yetu.

Mtunzi aliyeona hayo yote akaishia kusema "Baba amekwenda, kiza kimetanda", amemnyima maiti haki yake na amemnyima msomaji pia. Ukubwa wa Raila, awe mtu alimpenda au hakumpenda, ulikuwa ndani ya mapingano hayo: mfungwa aliyepigiwa mizinga, mpinzani aliyepeana mkono, mshindi wa Kwale asiyekuwa mshindi wa Nairobi. Jazanda peke yake haiwezi kuyabeba. Jazanda hukusanya sifa upande mmoja, na kinaya huleta upande wa pili ili mtu aonekane mzima. Na mtu aliyesemwa mzima ameheshimiwa kuliko aliyepakwa rangi.

Sisi wa pwani ya kusini tuna swali letu la ziada. Tumemlilia Kenyatta aliyekuwa Msambweni siku moja kabla ya kufa. Tulimwomboleza Moi, aliyefariki Februari 4, 2020, na Kibaki, aliyefariki Aprili 2022, naye pia katika mwezi wa Ramadhani. Tumemlilia Raila. Kila mara tumeitwa wana. Je, ni lini tulipoitwa kwenye hesabu ya deni? Swali hilo halimhusu maiti yeyote kati yao sasa. Lawahusu walioshika funguo, na latuhusu sisi tunaowapigia makofi.

Nasaha kwa watunzi wetu

Ardhi hii haina uhaba wa malenga. Mwaka 1982 Boukheit Amana alitoa diwani iitwayo Malenga wa Vumba, na jina hilo la Vumba latukumbusha kwamba upande huu wa Vanga na Wasini ulikuwa na watawala wake, na washairi wake, kabla ya Nairobi kuwa mji. Vijana wa leo wanatunga, tena wengi. Kwao twasema maneno matatu.

La kwanza, ukichagua jazanda ifuate mpaka mwisho. Ukimwita mtu nahodha, tuambie jahazi lilifika bandari gani, nani alikuwa akivuta makasia, na nani aliyetoswa njiani. Kama hutaki kuulizwa hayo, usimpe unahodha.

La pili, kinaya chako kipite kwa aliye hai, na wewe mwenyewe ukiwemo. Ukiona ubeti wako unaweza kumliza mjane wa marehemu bila ya kumnufaisha msomaji, ufute.

La tatu, tumia mambo ya hapa. Si lazima kila kiongozi awe simba, ilhali wengi wetu hatujamwona simba ila katika picha. Tunayo mibuyu, tunayo maji kujaa na kupwa, tunazo hati na watu wasio na hati, tunayo daku iliyoliwa usiku ambao nchi ilibadilika na walao hawajui. Tanzia yenye vitu hivyo itafahamika Vanga kabla ya kufahamika Nairobi, na hapana ubaya wowote katika hilo.

Viongozi wataendelea kufa, kama sisi sote, na tanzia zitaendelea kutungwa. Msiba ukija tena, msomaji wa Kwale aziweke tungo mbele yake na aulize kila moja: umemsifu, vyema, je, umekumbuka kudai? Itakayojibu maswali yote mawili kwa adabu ndiyo aikate gazetini aihifadhi.